Propela ya boti ya kuvuta ski na wekibodi: jinsi ya kuchagua inayofaa

Mgeni alikuwa mtu wa kilo mia na ushei. Yuko majini katika hori ya Kilifi, asubuhi, kusi bado haijaamka, maji yametulia kama yamemiminwa kwenye sinia. Kamba imekaza, ubao uko mbele ya kifua chake, ananipa ishara niondoke. Nikasukuma mkono wa mafuta mpaka mwisho. Boti ikainua omo, yaani pua yake, ikakaa hivyo hivyo, mashine inakoroma kwa sauti nzito kama matatu iliyojaa inayopanda mlima kwa gia ya nne. Nyuma huko mgeni anaburutwa na kunyweshwa maji ya chumvi. Akaachia. Tukajaribu tena, na tena. Baada ya mara ya tatu alipanda botini, akajifuta uso, akaniambia kwa upole: "Kapteni, mashine yako imechoka."

Mashine haikuwa imechoka. Ilikuwa ya nguvu farasi 115, ya stroku nne, haijamaliza hata misimu miwili. Kosa lilikuwa langu. Wiki moja kabla nilikuwa nimefunga propela ya pichi 19, ambayo ni kama gia kubwa, kwa sababu niliambiwa inakimbia, na kweli ilikimbia, boti ikiwa tupu na mimi peke yangu kwenye usukani najiona.

Tangu siku hiyo propela naichagua kwa ajili ya sekunde tano tu: tangu kamba ikaze mpaka mtu asimame juu ya maji. Hakuna mteja anayevutwa kwa kasi ya mwisho ya boti. Wekibodi, ule ubao mmoja wa miguu yote miwili, huvutwa kwa kilomita 30 hadi 37 kwa saa hivi. Mwanafunzi wa ski mbili, hasa mtoto, hutaka chini ya hapo. Hata wale wa mashindano ya slalomu, wanaozunguka maboya sita, kasi yao ya juu kabisa ni kilomita 58 kwa wanaume na 55 kwa wanawake. Boti ya kuvuta watu inayofika 75 ina kasi isiyo na mnunuzi, na mara nyingi imeilipia kwa nguvu ya kuondokea.

Nitaanza na boti za mashine ya nje, ile inayoning'inia kwenye tezi, nyuma ya boti, kwa sababu ndizo tulizo nazo wengi pwani hii. Zile zenye mashine ndani zina mambo yake, nitazifikia.

Soma namba kwanza

Wazee huiita rafadha, mafundi tunasema propela. Itoe, uiangalie kwenye habu (kile kitovu chake), ndani ya mapanga (yale mabawa yanayokata maji) au pembeni mwake. Utakuta namba mbili zimegongwa, mfano 13¼ x 17. Zote ni inchi. Ya kwanza ni kipenyo, yaani upana wa duara ambalo ncha za mapanga hulichora zikizunguka. Ya pili ni pichi.

Pichi ndiyo inayochanganya watu. Chukua skrubu ya mbao. Ukiizungusha mara moja kamili inaingia ndani kiasi fulani. Skrubu yenye nyuzi zilizobanana huingia kidogo na mkono hauchoki, yenye nyuzi zilizoachana huingia sana lakini lazima ukaze mkono. Propela ni hivyo hivyo. Pichi 17 maana yake ni kwamba kama maji yangekuwa mbao, kila mzunguko mmoja ungeisogeza boti inchi 17. Pichi ndogo ni gia ndogo: inabeba mzigo, inaondoka upesi, haifiki mbali. Pichi kubwa ni gia kubwa.

Namba zikiwa zimefutika, na kwa propela za zamani hufutika, usikisie kwa macho. Mpelekee fundi mwenye kifaa cha kupimia pichi, au tafuta namba ya kiwanda iliyogongwa karibu na meno ya shafti. Angalia pia upande inaozungukia. Simama nyuma ya boti: propela ikizunguka kama mishale ya saa wakati boti inakwenda mbele, hiyo ni ya mkono wa kulia, na mashine moja ya nje karibu zote ni za kulia. Ya kushoto utaikuta kwenye boti yenye mashine mbili. Nimeshaona mtu amenunua ya kushoto kwa sababu bei ilikuwa nzuri.

Mambo mawili kutoka kwenye kitabu cha mashine

La kwanza ni kiwango cha mizunguko mashine inapokuwa wazi kabisa. Kila mashine ina kiwango chake. Nyingi za 115 na 150 za stroku nne huandikiwa 5000 mpaka 6000 kwa dakika, nyingine 5000 mpaka 5800. Mashine za stroku mbili za wavuvi mara nyingi ni 4500 mpaka 5500. Usichukue cha jirani, soma chako.

La pili ni uwiano wa gia, mfano 2.07. Maana yake shafti ya mashine ikizunguka mara 2.07, propela inazunguka mara moja. Namba hii utaihitaji kwenye hesabu.

Kiwango cha mizunguko ndicho hakimu wa mambo yote haya. Propela nzito mno kwa boti yako haitairuhusu mashine kufika kiwango chake. Hapo mashine inalemewa: inachoma mafuta mengi, inajaza masizi, joto linapanda kwenye pistoni, na siku moja fundi anakuonyesha pistoni yenye tundu. Propela nyepesi mno inafanya kinyume, mashine inapita kiwango chake na kompyuta yake inaikata pumzi, au kama haina kompyuta inajiumiza yenyewe. Kwa boti ya kuvuta watu, lenga nusu ya juu ya kiwango ukiwa umepakia. Kwa mashine ya 5000 hadi 6000, mimi natafuta 5500 na kitu nikiwa na watu wanne, ili boti ikiwa nyepesi isipite 6000.

Kabla ya kuilaumu propela

Hii ni hatua fupi lakini imewaokolea watu pesa. Boti iliyokaa majini mwezi mzima imeota chaza na majani chini, hiyo peke yake inakula mizunguko mia kadhaa. Isugue. Angalia maji yaliyotuama ndani ya boti, angalia plagi, angalia kama mkono wa mafuta kweli unaifungua mashine mpaka mwisho au kebo imelegea.

Kisha kagua bushi ya mpira iliyo ndani ya habu. Kazi yake ni kukatika wewe unapogonga mwamba, ili giaboksi ipone. Ikishaanza kuteleza, dalili yake ni hii: polepole boti inakwenda vizuri, ukiongeza moto mashine inalia juu na boti haisogei. Chukua rangi, piga mstari mmoja unaovuka kutoka sehemu ya ndani ya habu hadi ya nje. Nenda majini, fanya kazi, rudi, itazame. Mistari ikiwa imeachana, bushi imekufa, na propela yenyewe huenda haina tatizo lolote.

Angalia pia urefu wa mashine kwenye tezi. Lile bamba pana lililo juu ya propela linatakiwa liwe usawa wa sehemu ya chini kabisa ya boti, au juu kidogo tu. Mashine iliyofungwa juu mno inavuta hewa, hasa ukikata kona na mtu yuko kwenye kamba: ghafla mashine inapaa kwa sauti, boti inapoteza nguvu. Hapo wengi hukimbilia kununua propela, na dawa ni kuishusha mashine tundu moja.

Pima ukiwa na mzigo wa kazi

Usipime peke yako na tangi tupu. Hilo ndilo kosa nililofanya mimi. Weka nusu tangi ya mafuta, watu wanne, jaketi za kuokolea, nanga, vyombo vyote vya kazi. Ukiwa na mifuko ya maji ya kuongeza wimbi la wekibodi, ijaze. Usimvute mtu wakati wa kupima kasi ya mwisho.

Tafuta sehemu ndefu iliyonyooka na yenye kina. Kilifi tunakwenda asubuhi mapema, maji yakiwa yamejaa, kabla upepo haujaanza kukwaruza uso wa hori. Wakati wa bamvua epuka pembezoni, mafungu ya mchanga huhama na usiku mmoja unatosha kuhamisha lile ulilolijua.

Shusha trimu, yaani pembe ya mashine, kabisa, ondoka, kisha ukisha kupata kasi panda nayo kidogo kidogo. Utasikia boti inakuwa nyepesi. Omo likianza kudunda, au mashine ikianza kushika hewa, rudisha kidogo. Hapo sukuma moto wote, ushikilie kwa sekunde kumi, soma geji ya mizunguko na kasi ya GPS. Simu inatosha. Geuka, rudia upande wa pili, chukua wastani, kwa sababu maji yanayojaa au kupwa ndani ya hori yanaweza kukuongezea au kukupunguzia kilomita kadhaa bila wewe kujua.

Kipimo kingine ndicho ninachokipenda zaidi. Simamisha boti kabisa. Mtu mmoja awe na saa. Sukuma moto wote, hesabu sekunde mpaka boti iache kuinua omo na ilale juu ya maji. Andika. Yangu ya siku ile ya mgeni ilikuwa sekunde tisa. Tisa! Mtu anayeburutwa sekunde tisa chini ya maji mikono inafunguka yenyewe.

Hesabu

Zidisha mizunguko kwa pichi. Jibu ligawanye kwa uwiano wa gia, kisha ligawanye tena kwa 656. Utapata kasi ya kinadharia kwa kilomita kwa saa, yaani kasi ambayo boti ingefika kama maji yangekuwa mbao. Namba 656 ni ya kugeuza inchi kwa dakika kuwa kilomita kwa saa, haina uchawi mwingine.

Boti yangu ikiwa na watu wanne na propela ya pichi 19 ilifika mizunguko 4800. Kwa hiyo 4800 mara 19 ni 91,200. Gawanya kwa 2.07, kisha kwa 656, unapata 67. GPS ilisoma 56. Tofauti ni 11, na 11 kwa 67 ni kama asilimia 16. Huo ndio upotevu, yaani kiasi ambacho propela imekata maji bila kusogea.

Upotevu haukosekani. Boti nzuri ya aina hii hupoteza asilimia 10 hadi 15 ikiwa kwenye kasi. Ukikuta 25, kuna kasoro: mapanga yamepinda, mashine iko juu mno, au bushi inateleza. Ukikuta hesabu inakupa upotevu chini ya sifuri, ama geji yako inadanganya au pichi iliyogongwa si pichi iliyobaki baada ya fundi fulani kuinyoosha kwa nyundo.

Upotevu wangu wa 16 haukuwa wa kutisha. Kilichonihukumu ni ile 4800. Mashine ya 5000 hadi 6000 haikufika hata mlangoni.

Sasa kanuni ambayo mafundi wa mashine za nje wanaitembeza mfukoni: kila inchi moja ya pichi ni kama mizunguko 150 hadi 200. Ukipunguza pichi mizunguko inapanda, ukiongeza inashuka. Mimi nilihitaji kupanda kutoka 4800 mpaka 5500 hivi, yaani 700. Gawanya kwa 175, unapata inchi nne. Kutoka 19 kwenda 15.

Mapanga matatu au manne

Hapa ndipo watu wa ski na watu wa wekibodi wanaanza kubishana, na kila mmoja ana haki kwa upande wake.

Mapanga matatu ni mepesi kuzungusha, yanakimbia zaidi kidogo, yanapatikana kila duka. Mapanga manne yanashika maji zaidi. Boti inalala juu ya maji upesi, inabaki juu hata kwa kasi ndogo, haiachi maji kirahisi kwenye kona, na kasi haipandi na kushuka mtu anapovuta kamba kwa nguvu upande mmoja. Gharama yake ni kilomita mbili tatu za kasi ya mwisho. Ukihama kutoka matatu kwenda manne kwa pichi ile ile, tegemea mizunguko kushuka kama 50 hadi 150, kwa hiyo mara nyingi watu hupunguza pichi inchi moja zaidi.

Mteja wa wekibodi anataka boti nzito, wimbi kubwa, kasi ndogo isiyotikisika. Kwake mapanga manne hayana mpinzani. Mteja wa slalomu anataka wimbi dogo na kasi kubwa, lakini anataka pia kutolewa majini haraka, tena kwa ski moja, ambayo ni kazi ngumu kuliko ubao. Boti ya ski tupu, nyepesi, yenye mashine kubwa, inaweza kuishi na mapanga matatu ya pichi 17 bila malalamiko. Boti inayofanya yote, na hizo ndizo boti zetu za pwani (asubuhi ski, mchana wekibodi, jioni watoto kwenye boya la kupulizwa), ifungie manne.

Nilichukua manne ya pichi 15. Mizunguko ikafika 5500 na mzigo ule ule. Kasi ikashuka kutoka 56 hadi 53. Sekunde za kuondoka zikashuka kutoka tisa hadi tano. Kilomita tatu nilizopoteza hakuna mteja aliyewahi kuziulizia.

Kipenyo sikuchezi nacho sana, na wewe usicheze. Kiwanda hukipanga kipenyo pamoja na pichi, pichi ikishuka kipenyo hupanda kidogo, na nafasi chini ya lile bamba ina mpaka wake. Kitu cha kuangalia badala yake ni ukingo wa nyuma wa panga. Pitisha kidole. Kama umekunjwa kidogo kama mdomo wa kijiko, propela hiyo inashika maji vizuri zaidi kwenye kona, lakini mkunjo huo hufanya kazi kama nusu inchi au inchi moja ya pichi ya ziada. Ukilinganisha propela mbili za pichi 17, moja ina mkunjo na nyingine haina, si propela sawa.

Alumini au stenlesi

Stenlesi ni ngumu, mapanga yake yanaweza kuwa membamba, hayajipindi chini ya mzigo, kwa hiyo boti inaondoka vizuri zaidi na namba zako zinabaki zile zile msimu mzima. Bei yake ni mara tatu au zaidi ya alumini.

Lakini fikiria unapofanyia kazi. Ukifanya kazi juu ya matumbawe na mafungu ya mchanga, alumini inapinda na kukwaruzika, na hilo ni jambo jema kwa giaboksi. Stenlesi haipindi, mshtuko unapanda juu kwenda kwenye gia, na bushi ndiyo peke yake inayobaki kati yako na hasara kubwa. Kwenye hori yenye kina ninatumia stenlesi. Nikialikwa kazi nje, karibu na mwamba, nafunga alumini na kuacha ile nyingine sandukuni.

Alumini iliyopinda inaweza kunyooshwa na fundi mwenye vipimo. Aliyekaa chini ya mwembe na nyundo atakurudishia propela ambayo kila panga lina pichi yake. Utaijua kwa mtetemo unaoingia mpaka kwenye usukani, na mtetemo huo unakula beringi na sili za shafti. Kikwaruzo kidogo kwenye ukingo wa panga kipigie tupa taratibu mpaka kiwe laini, hilo unaweza kulifanya mwenyewe.

Boti ikihamia bara

Kuna wenye boti wanaozivuta kutoka pwani kwenda Naivasha, na wanashangaa kwamba boti ile ile, propela ile ile, haiondoki. Ziwa Naivasha liko juu kama mita 1,880 kutoka usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na mashine isiyo na turbo hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Hapo ni asilimia 18 au 19: mashine yako ya 115 imekuwa ya 94. Shusha pichi inchi mbili. Ziwa Victoria, mita 1,134, mara nyingi inchi moja inatosha. Kivu iko kama mita 1,460, Tanganyika 773. Na ukirudi baharini, rudisha propela ya zamani, la sivyo mashine itapita kiwango chake. (Naivasha pia kuna viboko, lakini hao hawana pichi.)

Boti zenye mashine ndani

Boti za mashindano na zile za wekibodi za Marekani zina mashine ndani, shafti inatoka chini ya sakafu, na propela iko chini ya boti mbele ya ubao wa usukani ulio majini. Propela zake nyingi ni za shaba iliyochanganywa na nikeli na alumini, mapanga manne, na mara nyingi zinazunguka mkono wa kushoto. Kanuni ya mizunguko ni ile ile, ila hapa mzigo ndio mtihani: boti hizo hubeba maji ya ziada kwenye matangi yake, nyingine zaidi ya tani moja, ili wimbi liwe kubwa. Propela inayofaa boti ikiwa tupu itaifanya ikwame ikijazwa. Mwambie muuzaji mambo matatu: aina ya giaboksi na uwiano wake, kilo za maji unazobeba, na mwinuko wa ziwa. Bila hayo anabahatisha.

Propela hizo zimekaa kwenye shafti iliyochongoka. Hutoka kwa kifaa cha kuvutia, si kwa nyundo.

Na kuna jambo moja ambalo halina mjadala. Ule mchezo wa kuteleza karibu kabisa na boti, ndani ya wimbi, bila kamba, ni wa boti zenye propela chini ya tumbo tu. Nyuma ya mashine ya nje propela iko karibu na miguu ya mtu, tena upande wake. Mteja akikuomba, mkatalie hata akiongeza pesa.

Kuifunga

Ondoa ufunguo, vua kamba ya kuzimia mashine, weka gia katikati. Weka kipande cha mbao kati ya panga na lile bamba la juu ili propela isizunguke unapofungua nati. Ng'oa splitipini, fungua nati, na zipange washa chini kwa mpangilio zilivyotoka, juu ya kitambaa, kwa sababu ile washa kubwa ya mbele ikisahaulika propela inasugua giaboksi.

Sasa tazama nyuma ya washa hiyo, pale shafti inapoingia. Mara nyingi nimekuta mshipi wa kuvulia umejizungusha humo, mwembamba, hauonekani mpaka uukwaruze kwa ncha ya kisu. Unakata sili kimyakimya. Fungua skrubu ya chini ya giaboksi kidogo, acha matone machache ya mafuta yatoke kidoleni. Yakiwa meupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, na propela mpya ingoje.

Safisha meno ya shafti, yapake grisi ya baharini kwa wingi. Bila grisi, chumvi itaishonea propela kwenye shafti, na siku ya kuitoa utalia. Rudisha kila kitu kwa mpangilio ule ule, kaza nati kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu, weka splitipini mpya. Baada ya saa ya kwanza ya kazi, kaza tena.

Kisha rudi majini na upime upya yale yale: mizunguko, kasi pande mbili, sekunde za kuondoka. Andika kwa rangi ndani ya kifuniko cha sanduku la vifaa. Ukiona mizunguko inapita kiwango boti ikiwa nyepesi, umeshuka pichi kupita kiasi, panda inchi moja. Ikiwa haijafika nusu ya juu ukiwa umepakia, shuka moja tena. Duka zuri linakubali kubadilisha propela ambayo haijakwaruzwa. Ulizia kabla hujalipa, si baada.

Propela ya zamani usiiuze. Ile 19 yangu iko kwenye sanduku chini ya kiti cha nyuma, pamoja na nati moja, splitipini tatu, spana na kipande cha mbao cha mvule. Mwezi wa nane uliopita niligonga gogo la mkoko lililokuwa linaelea usawa wa maji, wageni watano botini. Tulibadilisha mimi na kijana wangu ndani ya maji ya kifuani, kwenye fungu la mchanga, dakika ishirini. Tulirudi polepole. Ski hakuna aliyevutwa tena siku hiyo, lakini nyumbani tulifika kwa mashine yetu wenyewe.